Kwa Mama Neema, Bingwa Niliyemuoa Bila Kumjua

Mama Neema wangu,

Leo ni wiki ya tatu tangu nijue, na bado haijaniingia. Naamka, nabandika chai ya watu wawili kwa mazoea, halafu nakumbuka mambo mawili kwa mpigo: kwamba umekufa, na kwamba sikukujua. La kwanza nimeanza kulizoea. La pili linanikuta kila asubuhi kama habari mpya.

Wacha nikueleze vile ilivyotokea, maana wewe hukupenda mtu aanzie maneno katikati.

Ilikuwa Jumanne, kama saa nne asubuhi. Nilikuwa kwenye kibanda changu cha kuchomelea, namalizia mlango wa mteja, Neema akanipigia simu. "Baba, kuja nyumbani. Kuna mzee mzungu hapa, anasema amekuja kwa sababu ya mum."

"Umemwambia?"

"Anajua. Amekuja na maua."

Nilifikiri ni mtu wa ukoo wa wale wazungu waliokulea. Nikavua miwani ya kazi, nikaja kwa miguu, na njiani nilikuwa nawaza tu kama sukari iko.

Unajua nilichokijua kuhusu ujana wako, Njeri? Ni kidogo, na nilidhani ndicho chote. Kwamba ulizaliwa Njoro, kwenye shamba lililokuwa la mzungu, baba yako akiwa mpishi wa mwalimu mmoja wa kilimo kutoka Uswidi na mkewe. Kwamba baba yako alipofariki ukiwa na miaka tisa, wale wawili, ambao hawakujaliwa mtoto, walimwomba mama yako wakakuchukua ukasome kwao. Kwamba ulirudi ukiwa na miaka ishirini na sita kumzika mama yako, na hukurudi huko tena. Nilipokuuliza ulifanya nini miaka yote hiyo, ulinijibu, "Nilisoma, nikashona, nikasikia baridi." Na mimi nikatosheka. Hata jina la nchi yenyewe sikulishika vizuri. Watu wakiniuliza nilikuwa nasema Uswisi, na wewe ulikuwa unaendelea kukata kitambaa bila kunirekebisha.

Mgeni wetu alikuwa mrefu, mwembamba, mguu mmoja haukunjiki vizuri. Alikuwa amevaa suti nyeusi na tai kwenye jua la Nakuru. Aliposimama kunisalimia alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili akasema, "Pole." Kwa Kiswahili, na akalitamka sawasawa. Sikujiuliza ni nani alimfundisha. Jina lake ni Anders. Nadhani wewe hilo sihitaji kukuambia.

Tukaketi. Akaanza kuongea Kiingereza polepole, lakini Kiingereza changu ni cha karakana ya reli, cha nati na bolti, kwa hivyo Neema alikuwa anatafsiri. Mimi nilishika neno moja tu, nikasikia "sketi". Nikamwambia Neema amjibu ndiyo, alishona sketi nyingi sana, karibu kila msichana wa shule hapa mtaani Rhonda amewahi kuvaa sketi yake. Neema hakutafsiri. Alikuwa amejiziba mdomo.

"Baba, si sketi ya kuvaa. Anasema mum alikuwa anacheza densi kwa barafu. Na viatu viko na chuma chini. Anasema walikuwa wanacheza wawili, yeye na mum." Akamwuliza yule mzee kitu, akajibiwa. "Anasema walikuwa mabingwa wa nchi nzima. Mara tatu."

Nilicheka. Sikufichi, nilicheka, nikamwambia Neema amwombe msamaha mgeni, lakini amekosea nyumba. Njeri ni wengi Nakuru. Huyu wetu alikuwa fundi wa nguo. Huyu wetu hata kwenye harusi za kanisa alikuwa anabaki kwenye kiti akishika mikoba ya wenzake wanaocheza.

Yule mzee hakubishana. Alitoa simu yake, akaitafuta picha ya video, akaniwekea mezani, akaiegemeza kwenye chupa ya chai.

Njeri, nimejaribu mara nyingi kuandika sehemu hii.

Kulikuwa na uwanja mweupe, mkubwa kuliko kanisa letu. Picha yenyewe ni ya zamani, rangi zimefifia. Kijana wa kizungu amesimama katikati, na kando yake msichana mweusi, gauni la bluu, shingo ndefu, mikono wazi hadi mabegani. Watu wamejaa pande zote. Nikasema moyoni, huyo msichana anaweza kuwa mtu yeyote. Halafu kabla muziki haujaanza, yule msichana akauma mdomo wa chini upande wa kushoto, kidogo tu, akaachilia.

Ulikuwa unafanya hivyo kila ulipotunga uzi kwenye sindano.

Hapo nilishika meza. Muziki ukaanza na nyinyi wawili mkaondoka, na sina neno lingine isipokuwa hilo, mkaondoka, kwa sababu sikuona mtu akipiga hatua. Mlienda kama mko juu ya kitu kinachowapeleka. Mlikuwa mmekaribiana kiasi kwamba sikuweza kujua mguu huu ni wa nani, na mlikuwa mnakwenda kasi, unarudi kinyumenyume bila kutazama nyuma, Njeri, wewe uliyekuwa unanishika mkono kuvuka barabara. Mahali fulani ulirusha kichwa nyuma ukacheka. Niliona meno yako yote. Nimeishi na wewe miaka arobaini na mmoja na sijawahi kukuona ukicheka namna hiyo.

Anders alikuwa ameketi kando yangu, anatazama picha hiyohiyo, na midomo yake ilikuwa inahesabu chinichini. "Et, tvo, tre. Et, tvo, tre."

Nikamgeukia. Hayo maneno nimeyasikia maisha yangu yote ya ndoa. Ulikuwa unayasema ukikanyaga cherehani. Nilidhani ni wimbo wa watoto wa huko Njoro. Nilimuuliza ni nini, akasema kupitia Neema kwamba ni kuhesabu tu, moja, mbili, tatu, kwa lugha yao, na kwamba wewe ndiye uliyekuwa mwenye kuhesabu. Yeye alikuwa akipotea na wewe unamfinya mkono.

Picha ilidumu dakika nne hivi. Ilipoisha nilimwambia airudie. Akairudia. Mara ya tatu Neema alitoka nje akalie, na mimi nilibaki pale nikitazama, macho makavu kabisa, kama mtu aliyegongwa kichwani ambaye hajaanguka bado.

Neema aliporudi nilimwomba atafsiri swali moja, na aamue mwenyewe kama anaweza kumwuliza mzee wa watu. Nilitaka kujua kama alikuwa mpenzi wako.

Neema alinitazama vibaya, lakini aliuliza. Anders hakukasirika. Alisema mlishikana mikono miaka kumi na mmoja, tangu ukiwa na miaka kumi na minne, na hamkuwahi kubusiana hata mara moja, na kwamba alikuwa akikuogopa. Akasema ulikuwa mkali. Ulikuwa unamrudisha kwenye hatua moja mara mia hadi wafanyakazi wazime taa. Halafu akanieleza kitu ambacho kimekaa nami. Alisema kuna mchezo mwingine wa barafuni ambapo mwanaume anamrusha mwanamke juu na watu wanapiga makofi. Wenu haukuwa huo. Kwenye wenu kazi ni kukaa karibu. Mkiachana kwa muda mrefu mnakatwa alama.

Ulipokuwa na miaka ishirini na tano, goti lake lilivunjika mazoezini. Madaktari wakamwambia basi. Wewe ulikuwa mzima, na walikuletea mwenzi mwingine, kijana mwenye nguvu na jina. Ulicheza naye wiki moja ukavua viatu ukasema huyu hasikii. Mwaka uliofuata ukapata habari za mama yako, ukapanda ndege kuja kuzika. Anders alikupeleka uwanja wa ndege, na hamkuonana tena. Mliandikiana tu, kila Krismasi. Krismasi hii kadi yako haikufika. Akamwomba mjukuu wake akutafute kwenye mtandao, wakaliona tangazo la kifo alilokuwa ameliweka Neema, lenye jina lako na la kanisa letu. Mzee wa miaka sabini na moja, mguu mbovu, akakata tiketi.

Nilimuuliza swali ambalo hata wewe unalijua. Kwa nini hukuniambia?

Anders aliangalia mikono yake. Alisema kuna barua. Alikuwa amezibeba zote kwenye mkoba, zimefungwa na utepe wa gauni, na alikuwa ameamua njiani kwamba nyingine ataniachia na moja hatanisomea. Nikamwambia asome hiyo hiyo. Akakataa. Nikamwambia, kupitia kwa mtoto wangu, kwamba nina miaka sabini na nimechomelea chuma maisha yangu yote, sitavunjika kwa karatasi.

Akasoma kwa Kiswidi, akaigeuza Kiingereza, Neema akaigeuza Kiswahili. Ilipita lugha tatu kabla ya kunifikia, na ilifika ikiwa nzima.

Ulikuwa umeandika kwamba umekutana na mwanaume. Kwamba anaitwa Barasa, ni fundi wa reli kama baba yake, ana mikono mikubwa na anaongea pole. Kwamba mlikuwa kwenye harusi ya rafiki yake, katika ukumbi hapa mjini, na ulikuwa umeamua kumwambia siku hiyohiyo, kabla soda haijaisha, kwa sababu ulitaka aanze kukujua na hilo. Watu wawili wakaamka kucheza, mwanaume amemshika mwanamke kiuno. Na yule Barasa akainama akakwambia, "Mimi siwezi kuoa mwanamke ambaye mwanaume mwingine amemshika hivyo mbele ya watu."

Uliandika, "Nimemeza soda yangu na maneno yangu. Labda mwakani nitamwambia."

Mama Neema, sikumbuki kusema hivyo.

Nimejaribu. Naikumbuka harusi. Naikumbuka blauzi yako ya njano. Nakumbuka kwamba ulikuwa unaongea sana halafu ukanyamaza, na nikafikiri umeanza kunipenda, kwa sababu kwetu tunasema mwanamke akipenda hunyamaza. Lakini neno lenyewe halipo kichwani mwangu. Lilikuwa neno la kijana wa miaka ishirini na tisa anayetaka kuonekana mtu wa msimamo mbele ya msichana mrembo. Nililisema nikalisahau kabla sahani hazijaondolewa. Na wewe ukalibeba hadi kaburini.

Hilo ndilo linaloniamsha.

Sasa kila kitu kinarudi na sura nyingine. Unaikumbuka ile siku ya mvua ya mawe huko Molo? Tulikuwa tumeenda kumwona shangazi yako, Neema akiwa mgongoni mwako. Mvua ilimwaga mawe nusu saa nzima, na ilipoacha shamba lote la viazi lilikuwa jeupe. Watu wa nyumba walikuwa wanalilia viazi vyao. Wewe ulinipa mtoto, ukatoka, ukaenda hadi katikati ya ule weupe ukasimama. Ukasukuma mguu mmoja mbele, polepole, kama mtu anayepima sakafu. Nikakuita, "Rudi ndani, utashikwa na homa." Ukarudi. Uso wako ulikuwa umelowa na nikadhani ni mvua, lakini mvua ilikuwa imekwisha.

Ningekuuliza siku hiyo. Lilikuwa swali dogo tu, "Ni nini, mama?" Sikuuliza. Nilikuwa nafikiria barabara ya kurudi.

Basi nilidhani nimefika mwisho wa mambo ya kunishtua. Anders alipokuwa anakunywa chai ya pili, akamwuliza Neema kama mtu anayeulizia jirani, "Na wale wanafunzi wake wa Naivasha, sasa nani anawafundisha?"

Neema aliniangalia. Mimi nilimwangalia yeye. "Wanafunzi gani?"

Kila Jumamosi ya pili, Njeri. Miaka tisa. Ulikuwa unaondoka na mfuko mkubwa, unasema unapeleka sare za shule Naivasha, na mimi nilikuwa nakubebea huo mfuko hadi stendi. Niliubeba mwenyewe. Nilikuwa nakuambia, "Hizi sare ni nzito siku hizi," na wewe unasema, "Ni kitambaa kizuri."

Jumamosi iliyofuata Neema alituendesha kwa gari lake, mimi na Anders. Tulipoliona ziwa, Anders aliuliza kama huganda, Neema akamwambia hapana, halijawahi, na huyo mzee akacheka peke yake akasema kwamba uliwahi kumwandikia hilo, kwamba umeolewa karibu na maziwa yasiyofaa kitu.

Mahali penyewe ni banda lililokuwa la kupakia maua, kwenye shamba lililofungwa. Mabati yametoboka lakini sakafu ni saruji laini, imefagiliwa ikafagiliwa tena. Tulisikia kabla ya kuona. Ni mlio kama wa cherehani nyingi zikishona kwa pamoja. Ndani walikuwa wasichana kumi na wawili na wavulana watatu, watoto wa wafanyakazi wa maua, wamevaa viatu vya magurudumu, wanazunguka wawili wawili wameshikana mikono. Na katikati, msichana mkubwa, kama wa miaka ishirini na mbili, anapiga makofi na kuhesabu, "Et, tvo, tre."

Alipotuona alisimamisha wote. Akaja mbele yangu akiteleza, akasimama bila kuyumba.

"Wewe ni Fundi," akasema. Hakuuliza.

Anaitwa Chebet. Asubuhi anakata waridi, mchana wa Jumamosi anashikilia kazi yako. Nilimwambia pole kwamba hatukuwajulisha, hatukujua kama wapo. Akaniambia, "Nilikuja mazishi, mzee. Nilisimama nyuma. Niliwasikia wakisoma historia yake, alizaliwa wapi, aliolewa lini, cherehani, kanisa, chama cha akina mama. Nikangoja wafike pale." Alitazama sakafu. "Hawakufika."

Mimi ndiye niliyeandika hiyo historia. Niliiandika kwa mkono wangu, kurasa mbili, na Neema akaipiga chapa, na mchungaji akasema imetulia.

Nilimuuliza Chebet kama uliwahi kuwaeleza kwa nini unatuficha. Alijifuta jasho usoni. Halafu akasema waliwahi kukuuliza, siku moja mkila mandazi, na wewe ukawajibu hivi: "Nimechelewa. Ukichelewa kusema kitu mwaka mmoja, inakuwa siri. Ukichelewa miaka thelathini, inakuwa uongo. Yeye ni mtu mzuri, sitaki ajue ameishi na uongo."

Nikatafuta mahali pa kuketi. Chebet akaniletea kreti.

Wakatuchezea. Wale watoto walipanga mistari bila kuambiwa, wakacheza kitu ulichowatungia, na wakikaribia mwisho wanageuka wote kwa pamoja kinyumenyume bila kutazama nyuma. Anders alishindwa kutulia. Aliingia katikati na mguu wake huo, akamshika mtoto mmoja kiwiko, akakiinua kidogo, na yule mtoto akasema, "Mwalimu pia alikuwa anafanya hivyo." Neema alitafsiri. Yule mzee alirudi akaketi kando yangu kwenye kreti na tukalia sote wawili, wazee wazima, kila mtu akimlilia Njeri wake.

Viatu vyao vingi vimekwisha. Magurudumu yamekwama, beringi zimekauka grisi, kimoja kilikuwa kimefungwa na waya. Nilimuuliza Chebet mbona hukuwahi kuniletea nivitengeneze, halafu nikasikia ujinga wa swali langu. Nilivikusanya jozi sita kwenye gunia nikarudi navyo. Nimevitengeneza vyote. Kimoja nilikichomelea kisahani kipya kabisa cha kushika magurudumu. Jumamosi ya pili nilivirudisha mwenyewe, na Chebet ameniambia kuna vingine.

Anders amerudi kwao. Kabla hajaondoka tulimpeleka Njoro, kwenye kaburi. Aliweka pale viatu vyako, vile vya ngozi nyeupe vyenye chuma. Amevihifadhi miaka yote hiyo na bado chuma kinakata. Baadaye alifikiri tena akaviokota akampa Neema. Alisema wewe ungemgombeza kwa kuacha chuma kizuri kwenye umande. Nilimwambia hapo amesema kweli.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi kanisani. Mchungaji alitaka kujua ni ushuhuda gani. Nikamwambia si ushuhuda, ni marekebisho. Nikasimama mbele nikasema kwamba historia tuliyoisoma siku ya mazishi ilikuwa na pengo la miaka kumi na saba upande mmoja na miaka tisa upande mwingine, na pengo ni langu, si la marehemu. Neema akaonyesha ile picha ukutani. Hakuna aliyeguna. Akina mama wa chama chako walisimama mmoja baada ya mwingine ili waone vizuri, na mzee mmoja wa mbele akanong'ona, "Kumbe tulikuwa na mtu." Nilieleza pia nilichokwambia kwenye harusi, neno kwa neno vile ulivyoliandika. Nilitaka kulisema tena nikiwa na akili zangu, mbele ya watu, nijue ladha yake. Ni chungu, Njeri.

Lakini wacha nikuambie na lingine, maana barua hii sikuiandika nijilaumu mimi peke yangu. Nina hasira na wewe. Neno lile lilikuwa la kijana mjinga. Miaka mitano baadaye ningelikana. Miaka kumi baadaye ningekushika mkono nikakuomba unionyeshe hiyo hatua sebuleni, tusogeze meza. Wewe ulinihukumu kwa neno moja la siku ya kwanza na hukunipa nafasi ya kukata rufaa. Ulinilinda nisiishi na uongo, ukaniachia ukweli wote nije kuubeba mara moja, uzeeni, peke yangu. Ningependa tugombane juu ya hilo. Ningependa unirushie tepu ya kupimia kama zamani, halafu unyamaze siku mbili, halafu uniambie chai iko tayari.

Neema anasema hasira itapita na mshtuko utapita. Labda. Yeye amevaa vile viatu vyako mara moja, akasimama navyo kwenye zulia, vinamtosha. Hakuniambia anawaza nini na sikumharakisha. Nimejifunza kungoja, na nimejifunza kuuliza. Nilimuuliza. Akasema, "Bado nafikiria, baba."

Juzi nilienda ofisi ya serikali kuchukua cheti chako cha kifo. Msichana wa dirishani ni kijana, mpole, ana kazi nyingi. Alikuwa anahakikisha majina kabla ya kupiga chapa. Jina, sawa. Umri, sawa. Akafika pahali pa kazi ya marehemu. "Hapa wameandika mshonaji. Ni sawa, mzee?"

Nikamwambia si yote.

"Kulikuwa na ingine?"

"Mcheza densi ya barafuni. Bingwa. Na mwalimu."

Aliinua kichwa. Nadhani alifikiri huzuni imenipanda. "Barafu gani, mzee?"

Nikamweleza. Sikufupisha. Watu kwenye foleni nyuma yangu walianza kuguna, halafu wakaacha kuguna wakasikiliza. Nilipomaliza, msichana aliangalia kioo cha kompyuta yake kwa muda. "Nafasi yenyewe ni ndogo," akasema, "lakini wacha nijaribu." Akaandika, akafuta, akaandika tena. Halafu akageuza kile kioo kunielekea nione kama kuna kosa.

Miwani yangu nilikuwa nimeisahau nyumbani. Nikamwomba anisomee.

Akasoma jina lako lote, na yote uliyokuwa, kwa sauti, mbele ya watu.

Lala salama, mama. Salimia wazee wetu huko uliko, na wakikuuliza mumeo ni mtu wa namna gani, sema tu ukweli, hata ukichelewa.

Mumeo, Baba Neema